Mzimu Husema kwa Lugha Gani? Sauti, Kisasili na Sinema ya Majaribio ya Tanzania Ikitazamwa Kutoka Hedaru

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna sinema ya majaribio nchini Tanzania inavyovishughulikia visasili vya mababu, na hasa inavyoamua ni lugha gani mababu hao watumie wanaposema na watazamaji. Mjadala unaanzia Hedaru, mji mdogo ulio chini ya milima ya Upare Kusini wilayani Same, ambako Chasu na Kiswahili hukutana kila siku. Filamu zinazochambuliwa kwa kina ni Maangamizi (2001) na These Hands (1992), zikitanguliwa na jaribio la sinema la kikoloni lililofanyika Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937. Hoja inayojengwa ni kwamba katika sinema ya aina hii uamuzi kuhusu sauti una uzito kuliko uamuzi kuhusu picha, kwa kuwa mzimu hutambulika kwa watu anaosema nao.

Maneno ya msingi: sinema ya majaribio, kisasili, Chasu, utambulisho, usimulizi wa kibandani

1. Utangulizi

Msafiri anayetoka Dar es Salaam kwenda Moshi huipita Hedaru akiwa na milima mkono wake wa kulia na tambarare za mto Pangani mkono wa kushoto. Reli ya Tanga, iliyofika Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, nayo inapita hapo, na kutoka hapo barabara hupanda kuelekea Vunta na Myamba. Kwa hiyo Hedaru ni mahali pa kukutania. Wa milimani hushuka na mazao yao. Wa tambarare na wapita njia huwangoja chini. Chasu husikika majumbani na baina ya watu wanaojuana. Stendi, darasani na ofisini kinachotawala ni Kiswahili. Kijana aliyezaliwa hapo na baba Mpare na mama wa kabila jingine anaweza kukifahamu Chasu cha bibi yake bila kukisema.

Hali hiyo si ya ajabu nchini. Hata hivyo, humweka mtengeneza filamu mbele ya swali ambalo nadharia za sinema aghalabu hulipita haraka: akitaka kukipeleka kwenye kioo kisasili cha milima hiyo, mababu wa humo watasema kwa lugha gani, na nani atakuwa anaambiwa?

Kwa sinema ya majaribio, makala haya yanakusudia filamu inayokataa mfululizo wa kawaida wa visa na maelezo, na badala yake kuziacha picha, sauti na ukimya vishindane au vijibizane. Kisasili kinachukuliwa kuwa ni masimulizi ambayo jamii huyatumia kueleza asili yake, miiko yake na uhusiano wake na waliotangulia. Ama dhana ya sinema ya wenyeji, iliyokuzwa zaidi Amerika ya Kaskazini na Australia, haiwezi kuhamishiwa Tanzania kama ilivyo, kwa kuwa hapa karibu kila jamii hujiita wenyeji. Hapa inatumika kwa maana finyu: filamu ambayo waliyoitengeneza wana deni kwa wenye kisa, iwe kwa damu, kwa lugha au kwa makazi. Hedaru haichukuliwi kama kitovu cha utengenezaji wa filamu. Inachukuliwa kama mahali pa kusimama na kutazama.

2. Sauti kwenye santuri: Vugiri, 1935 hadi 1937

Ukifuata barabara hiyohiyo kuelekea kusini, ukapita Mkomazi na Mombo hadi Korogwe, unafika chini ya Vugiri. Huko juu ndiko lilikofanyika jaribio la kwanza kubwa la kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika wa Afrika Mashariki na Kati. Mradi huo, ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, ulifadhiliwa na shirika la Carnegie la Marekani na ukaongozwa na Meja L. A. Notcutt, akisaidiana na G. C. Latham. Zilitengenezwa filamu 35, nyingi zikiwa za mafunzo: minyoo ya safura, mmomonyoko wa udongo, akiba ya posta, kodi. Gari lilizipeleka kijiji hadi kijiji. (Filamu ya kodi inastahili kukumbukwa na msomaji wa historia ya Upare. Haikupita miaka kumi kabla Wapare kwa maelfu hawajashuka na kupiga kambi Same, mwaka 1945, kuipinga kodi ya mbiru.)

Mradi huo ulijiita jaribio, lakini kilichokuwa kikijaribiwa ni watazamaji, si umbo la sinema. Hata hivyo, kuna jambo moja la kiufundi lililoacha mfano wa kudumu. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo yakarekodiwa pembeni katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa za eneo hilo. Picha moja iliweza hivyo kupewa midomo mingi. Anayeonekana hasemi, anayesema haonekani, na ndiye anayejua maana ya kinachoonekana. Notcutt na Latham, katika taarifa waliyoitoa mwaka 1937, waliiona lugha kuwa kikwazo cha usambazaji, yaani gharama ya kurekodi tena. Haikuwajia kwamba santuri ikibadilishwa, aliye katika picha naye hubadilika.

Mgawanyo huo wa kazi kati ya picha na sauti ndio ambao sinema ya majaribio imekuja kuupindua baadaye, kwa makusudi au bila kujua.

3. Kisasili kilichofika kikiwa kimetafsiriwa

Anayetafuta visasili vya Upare katika maandishi hukutana kwanza na wamisionari. Jakob Dannholz wa Misheni ya Leipzig alichapisha kitabu chake mwaka 1916, na Ernst Kotz, Mwadventista aliyekwisha kuandika sarufi ya Chasu mwaka 1909, akatoa cha kwake mwaka 1922. Majina ya vitabu hivyo viwili huanza kwa maneno yaleyale ya Kijerumani, Im Banne, yaani kuwa chini ya nguvu ya kitu kama laana: kwa Dannholz ni imani ya mizimu, kwa Kotz ni hofu. Kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza, mababu wa Wapare wamekwisha kupewa kazi ya kutisha. Haina maana kwamba vitabu hivyo havina thamani. Vilihifadhi mengi ambayo yasingepatikana kwingine. Lakini vilihifadhi kwa sauti ya anayetaka jambo hilo liishe.

Mfano mzuri ni masimulizi ya Kyumbi, muumba. Katika toleo linalojulikana zaidi katika maandishi, watu walikuwa wakisemezana na Kyumbi hadi walipodanganywa na Kiriamagi, mla mayai, wakala chakula kilichokatazwa. Kyumbi akajitenga. Baadaye watu wakajenga mnara ili wamfikie. Kadiri walivyojenga ndivyo alivyosogea mbali, na mwisho ikaja njaa iliyowaacha vijana wawili tu, chimbuko la wote waliofuata. Mtu aliyesoma Mwanzo atasikia mwangwi wa Edeni, wa Babeli na wa Nuhu kwa pamoja. Kuamua kipi kilikuwapo kabla ya misheni na kipi kilipata sura yake kanisani ni kazi ngumu, na pengine kwa msanii si kazi ya lazima. Kilicho muhimu ni kwamba kisasili hiki kinamfikia mtengeneza filamu kikiwa kimepitia midomo kadhaa tayari. Jambo linalokifanya kiwe cha Upare bila ubishi ni yai. Mwandishi wa filamu anayetafuta picha ya kushika, na afadhali aanzie hapo kuliko kwenye mnara.

Upande wa historia, Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, alikusanya mapokeo ya koo kwa kuwasikiliza wenyewe. Ndani yake mna kisa cha Washana, wahunzi waliokuwa na mamlaka Ugweno, na jinsi Wasuya walivyowapindua. Somo la kimbinu katika kazi ya Kimambo, ambalo wachambuzi wa filamu hawajalitumia vya kutosha, ni kwamba mapokeo haya si ya Wapare kwa jumla. Ni ya koo. Mshana na Msuya hawasimulii mapinduzi yale kwa namna moja, na hakuna sababu ya kuwataka wasimulie hivyo. Mipaka ya ukoo inaonekana hata ardhini: kaskazini mwa Upare misitu midogo ya matambiko iitwayo mpungi humilikiwa na koo, ilhali mshitu ni msitu wa jando. Kuingia kuna masharti, na kusema yaliyomo kuna masharti zaidi.

4. Mzimu usio na ukoo: Maangamizi

Filamu ya Maangamizi, iliyopewa pia jina la The Ancient One, iliongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, na ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kuwasilishwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Waongozaji hao hawakuwa wageni katika maudhui ya uganga na mababu. Mwaka 1985 Mulvihill alikuwa ameongoza Arusi ya Mariamu pamoja na Nangayoma Ng'oge. Katika Maangamizi, daktari Mmarekani mweusi aitwaye Asira, anayeigizwa na BarbaraO, anakuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini. Hapo anamkuta Samehe, anayeigizwa na Amandina Lihamba, mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi baada ya kushuhudia akiwa mtoto kifo cha mama yake kwa moto. Samehe haongei na madaktari, lakini ana mwenzi: Maangamizi, mhenga wa kike anayeigizwa na Mwanajuma Ali Hassan.

Umajaribio wa filamu haumo katika kisa, ambacho kikielezwa hivi kinaonekana cha kawaida, bali katika namna wakati unavyopangwa. Kumbukumbu ya Samehe na ya Asira zinaingiliana bila kutangazwa. Maangamizi huonekana katika fremu moja na walio hai bila moshi, bila mwanga wa ajabu, bila hila yoyote ya kumtenga. Mtazamaji aliyezoea mizimu ya filamu za kutisha analazimika kujifunza upya: huyu ni mtu wa nyumbani.

Sasa lugha. Filamu inatumia Kiingereza na Kiswahili, na majina ya wahusika wake ni maneno ambayo Mswahili yeyote anayaelewa. Samehe ni agizo. Maangamizi ni nomino nzito yenye maana ya kuteketeza. Asira liko hatua moja tu kutoka hasira. Matokeo yake ni kwamba mhenga huyu hana ukoo. Hana msitu wake wala mwiko wa jina, wala lahaja inayomfunga mlimani fulani. Ni mhenga wa bara zima, anayeweza kumhusu Mtanzania na Mmarekani mweusi kwa usawa, na bila shaka hilo ndilo lililokusudiwa: pasipo mhenga wa namna hiyo, Asira asingekuwa na mtu wa kumfuata hadi kwenye kumbukumbu zake mwenyewe.

Lakini ushindi huo una bei. Kwa mantiki ya mpungi, mzimu asiyekuwa wa ukoo fulani hawezi kutambikiwa, kwa kuwa hakuna anayewajibika kwake. Filamu inalitatua jambo hili kwa kumfanya kila mtazamaji kuwa mtoto wa mhenga. Akiitazama akiwa Hedaru, mtu anaweza kuukubali mwaliko huo na papo hapo akahisi kwamba hakuna aliyemwita kwa jina lake. Tathmini ya haki ya Maangamizi inapaswa kuyashika yote mawili. Wanaoisifu kama filamu ya asili ya Kiafrika na wanaoishutumu kwa kuzijumuisha tamaduni hukosea kwa namna moja: wote huzungumzia matambiko yanayoonekana, na kuusahau usikivu.

Sera pia imo. Tanzania ilichagua Kiswahili kuwa lugha ya kuunganisha taifa, na Sera ya Utamaduni ya 1997 inazitaja lugha za jamii kama hazina ya kukikuza Kiswahili. Hazina hiyo imetumika kweli; neno kitivo, linalobandikwa milangoni mwa vyuo vikuu vyetu, hutajwa kuwa lilichotwa kutoka Chasu na Kisambaa, ambako huhusu ardhi yenye rutuba. Lakini kuwa ghala la msamiati wa lugha nyingine si sawa na kuwa na mahali pa kusemea.

5. Ukimya wa These Hands

Filamu ya Flora M'mbugu-Schelling, These Hands, haina kisasili wala mzimu. Inaingia hapa kwa sababu ya kile isichokuwa nacho: msimulizi. Kwa takriban dakika 45 inawatazama wanawake, wengi wao wakimbizi wa Kimakonde kutoka Msumbiji, wakiponda mawe katika machimbo ya Kunduchi. Hakuna sauti inayoeleza wanalipwa nini au wametoka wapi. Kuna nyundo, kokoto, watoto, na nyimbo.

Ukiiweka filamu hii kando ya santuri za Vugiri, tofauti inajieleza. Aliyesema kwa niaba ya picha ameondolewa, na waliomo katika picha wanaimba wenyewe, kwa lugha yao, kwa kipimo wanachokitaka. Asiyejua Kimakonde hupata mahadhi na kukosa maneno, na filamu haimwonei huruma kupita kiasi. Hili ni funzo kubwa kwa yeyote anayefikiria kisasili cha mlimani: kutoelewa kwa mtazamaji kunaweza kuwa sehemu halali ya umbo, mradi kuwe na mtu fulani mahali fulani anayeelewa kila kitu.

6. Msimulizi wa kibandani

Uchambuzi wa filamu unaoishia kwenye filamu yenyewe huisahau nusu ya sinema ya Tanzania, yaani kibanda umiza. Humo, kwa miongo kadhaa, filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani zimekuwa zikipokewa kupitia mtafsiri anayesema juu ya sauti ya awali, akieleza, akitania na kuongeza. Lufufu, aliyekuwa maarufu kuliko wengi katika kazi hiyo, alichunguzwa na Matthias Krings, ambaye makala yake ya mwaka 2010 yanaifananisha sanaa hii na kuugeuza wali kuwa pilau. Kijuujuu huyu ni mrithi wa sauti ya Vugiri, kwa kuwa naye husema juu ya picha ya mwingine. Lakini yeye anakaa na watazamaji upande mmoja. Anaweza kumcheka shujaa, na wao wanaweza kumcheka yeye.

Kikundi cha Ajabu Ajabu cha Dar es Salaam kiliiunganisha mikondo hii miwili mapema katika miaka ya 2020. Filamu yao fupi Apostles of Cinema inafuata juhudi za kuirudisha Maangamizi kwa watazamaji wa nyumbani kupitia njia zilezile zisizo rasmi: maktaba ya mtaani, kibanda, na msimulizi wa DJ. Filamu iliyokuwa ikijulikana zaidi kwenye matamasha ya nje kuliko uswahilini inapewa sauti mpya juu ya sauti yake. Msomi anaweza kulalamika kwamba kazi ya waongozaji inavurugwa. Lalamiko hilo halina uzito mkubwa, kwani mhenga asiye na ukoo hapa hatimaye anapata mtu wa kumtambulisha kwa waliokaa kwenye benchi. Usimulizi wa kibandani, katika mazingira haya, ni kitendo cha kupokea mgeni.

Inafuata kwamba lugha ya filamu haikamiliki studio. Mtafsiri wa Hedaru, akisema Kiswahili kilichochanganyika na Chasu mahali panapohitaji, angemfanya Maangamizi aulizwe swali ambalo kila mzee wa Kipare humwuliza kijana asiyemjua: wewe ni wa wapi, na ni wa nani?

7. Sauti mbili kwa wakati mmoja

Ni rahisi kuhitimisha kutokana na haya kwamba sinema ya Upare lazima iwe ya Chasu kitupu. Hitimisho hilo lingekuwa la haraka, na mfano wa kutoka mbali unaonyesha kwa nini. Sky Hopinka, mtengeneza filamu wa taifa la Ho-Chunk nchini Marekani, katika filamu yake małni ya mwaka 2020, anakizungukia kisasili cha Wachinook kuhusu asili ya kifo akitumia chinuk wawa. Hiyo si lugha ya wazazi wake. Ni lugha iliyokuzwa na biashara katika pwani ya kaskazini-magharibi, naye alijifunza akiwa mtu mzima. Panaposemwa chinuk wawa, tafsiri ya Kiingereza hupita chini ya picha. Panaposemwa Kiingereza, hupita ya chinuk wawa. Hakuna lugha iliyoachwa ijione kuwa haihitaji kutafsiriwa.

Mfano huu unawahusu Waswahili moja kwa moja. Kiswahili nacho kilisafiri na biashara, na leo kwa watoto wengi wa Hedaru ndicho lugha ya kwanza. Kukiita kigeni mbele yao ni kuwanyang'anya kitu bila kuwapa kingine. Mbinu ya Hopinka inatoa njia nyingine: Chasu kitafsiriwe kwa Kiswahili na Kiswahili kitafsiriwe kwa Chasu, ili bibi na mjukuu, wakikaa mbele ya kioo kimoja, kila mmoja awe na dakika zake za kusoma na dakika zake za kusikia.

Wala mbinu hiyo si ngeni katika milima hii. Wambugu, ambao mapokeo yao yanasimulia safari iliyopitia Upare kabla ya kufika Usambara, wana namna mbili za kusema. Moja iko karibu na Chasu. Nyingine, Kima'a, inatumia sarufi ileile lakini msamiati wake mwingi umetoka kwingine, hasa katika lugha za Kikushi. Maarten Mous aliichunguza kwa kina katika kitabu chake cha 2003. Msemaji anaweza kusema sentensi moja mara mbili, mifupa ileile na nyama tofauti, kutegemea ni nani yupo na anataka kuwa nani mbele yake. Wanaisimu wameijadili sana hali hiyo kama kitendawili cha uainishaji. Kwa mtengeneza filamu ni zaidi ya hapo: ni utaratibu wa uhariri uliokwisha kubuniwa na kutumika vizazi kadhaa kabla ya kamera. Hali ya Kigweno huko Upare Kaskazini, kinachosemwa sasa na wazee wachache, inaongeza haraka ambayo haiwezi kungoja mijadala ya istilahi imalizike.

Linabaki suala la ruhusa. Filamu ya kisasili cha Upare itafika mahali ambapo kamera haipaswi kuingia, na hapo mtengenezaji atakuwa na njia tatu. Anaweza kujenga mpungi wa bandia, kama filamu nyingi za runinga zifanyavyo, na wenye ukoo wataitambua hila hiyo mara moja. Anaweza kuomba na kuruhusiwa, akakubali kwamba ruhusa ya mzee mmoja haimfungi mwingine. Au anaweza kusimama ukingoni mwa miti, akaiacha picha itulie hapo, na sauti ya mzee ikaendelea kwa Chasu kutoka ndani, bila tafsiri chini ya picha. Katika njia hii ya tatu, aliyezaliwa Vunta atajua kinachosemwa, wa Hedaru atajua nusu, na wa Dar es Salaam atajua tu kwamba kuna mtu anayezungumza na jamaa zake.